Sahani ya Maabara na Homa ya Matumbo

Juma lililopita baba mmoja wa mtaa wetu hapa Goma alitujia ameshika karatasi mbili. Mwanawe alikuwa katika siku ya tisa ya homa. Karatasi ya kwanza ilitoka katika chumba kimoja cha vipimo, imeandikwa Widal, na kwa ajili yake baba huyo alinunua sindano za jentamisini kwa fedha ya kodi ya nyumba. Ya pili ilitoka hospitalini: dawa kadhaa zimetajwa, jentamisini haimo. Akauliza, "Mwalimu, dawa yangu ni mbovu?" Tukamjibu kuwa si mbovu, ila haifiki mahali adui alipo.

Yafaa tulieleze jambo hili, kwa maana sisi tunaochota maji ya ziwa Kivu kwa bidoni husema "nina tifoide" kama mtu asemavyo ana mafua.

Kipimo cha Widal kilianzishwa na mganga Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu chenyewe, bali silaha ambazo mwili umetengeneza kukipiga. Aliyeugua zamani, hata mwenye homa nyingine, aweza kuonekana ana tifoide. Na juu ya dawa ipi itamponya mgonjwa, kipimo hicho hakisemi neno.

Kuijua dawa, hapana budi kukipata kijidudu, Salmonella Typhi. Nacho kina hila. Mwili una askari wake, seli kubwa zenye kazi ya kumeza vijidudu na kuviyeyusha. Hiki humezwa, kisha hukaa na kuzaana ndani ya askari yule yule, katika ini, wengu na uboho wa mifupa. Katika damu huwa vichache mno. Mara nyingi mililita moja haina hata kimoja. Ndiyo sababu mpimaji humtoa mtu mzima mililita 8 mpaka 10, na mtoto chini ya hapo, tena kabla ya mgonjwa kupewa dawa. Wazazi wanaonung'unika kwamba mtoto ananyonywa damu wamsamehe.

Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, penye joto kama la mwili. Vikiota, hupakwa juu ya sahani ya chakula kilichoganda, na juu yake huwekwa vikaratasi vya duara vya milimita 6, vyenye dawa mbalimbali. Kesho yake, dawa ikiwa na nguvu, kikaratasi chake huzungukwa na duara tupu pasipoota kitu. Mpimaji hulipima kwa rula. Kwa azitromisini, milimita 13 au zaidi zatosha.

Lakini sahani si mwili. Juu ya sahani kijidudu hakina pa kujificha, na jentamisini huweza kukata duara pana la kupendeza. Ndani ya mgonjwa dawa hiyo huingia kwa shida katika seli. Huua vilivyo nje na kuviacha vilivyojificha. Kwa hiyo kanuni za maabara zakataza kuiandika kuwa yafaa kwa homa ya matumbo, duara liwe pana namna gani. Azitromisini hujikusanya ndani ya seli kuliko katika damu.

Wataalamu wameugeuza udhaifu huo kuwa chombo, nasi tulicheka tuliposoma. Hulea seli za askari katika chombo, huziachia zimeze vijidudu, kisha hutia jentamisini ili kuua vilivyobaki nje. Ndipo hutia dawa wanayoijaribu, huzipasua seli, na kuhesabu vijidudu vilivyo hai. Kazi hiyo ni ya watafiti. Hospitali haiwezi kuifanya kwa kila mgonjwa.

Kuchelewa kuna hatari. Katika juma la tatu homa hii yaweza kutoboa utumbo. Kinshasa, mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005, waliougua walizidi 42,000, na mamia walipata madhara hayo ya tumbo.

Mtoto wa jirani yetu alipewa dawa ya hospitali, na homa ikashuka siku ya tano. Sindano zingali kabatini mwa baba yake. Muuzaji amekataa kuzipokea.