Kadi ya Bima na Mgonjwa wa Ulevi

Baba wa nyumba akiugua kisukari, majirani huja kumjulia hali. Akiugua ulevi, hupita mbali, na watoto huambiwa wanyamaze. Makampuni ya bima nayo yamekuwa kama majirani hao.

Wako wanaosema mlevi afungiwe nyumbani mpaka pombe imtoke. Tunawasihi wasifanye hivyo. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akikatishwa ghafla, aweza kupata kifafa na hata kufa. Siku za kwanza zahitaji mganga, na mganga ahitaji kulipwa.

Tutazame Marekani, ambako wengi hupata bima ya kampuni binafsi kupitia kwa mwajiri. Zamani bima nyingi zililipia siku chache tu za kutibu ulevi na madawa ya kulevya, au hazikulipa kabisa. Sheria ya mwaka 1996 iliwafaa kidogo wagonjwa wa akili, ikawaacha nje walevi. Ikapita miaka 12 tena. Katika Bunge waliopigania jambo hili ni Jim Ramstad na Patrick Kennedy, watu wa vyama vinavyopingana. Wote wawili waliupitia ugonjwa huu, wala hawakuona haya kusema. Oktoba 2008 Rais George W. Bush alitia sahihi: bima ya mwajiri mkubwa ikilipia matibabu hayo, isiyawekee masharti magumu kuliko ya magonjwa mengine. Lakini haikulazimishwa kuyalipia! Sheria ya mwaka 2010 ndiyo iliyozilazimisha bima mpya za watu binafsi na za waajiri wadogo, tangu 2014.

Hata hivyo, hadi leo wengi wa wanaohitaji matibabu huko hawayapati, wakiwamo wenye kadi mfukoni. Wengine hawakubali kwamba ni wagonjwa. Wengine waogopa bosi asijue. Wengine huambiwa wangoje kibali cha kampuni, na mlevi aliyekubali leo kwenda hospitali, kesho huenda amebadili nia. Kwetu sisi, kungoja huko ndiko kubaya kuliko yote.

Nasi wenye bima za kazini tusome ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Ulevi ukitajwa pale, mwajiri aulizwe. Mama, si lazima umtaje mumeo. Chama cha wafanyakazi chaweza kuuliza kwa niaba ya wote, kabla mkataba wa bima haujafanywa upya.