Umri Usio na Cheti

Gazeti linapochapisha picha ya mzee anayesemekana kutimiza miaka 130, wasomaji huuliza alikula nini. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: alizaliwa lini, na nani aliandika?

Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa kwa nyaraka. Mwaka 2018 watafiti wa Urusi walidai kwamba binti yake ndiye aliyekuwa amechukua nafasi yake. Ubishi huo uliweza kujibiwa kwa sababu madaftari ya sensa, ubatizo na ndoa yapo. Japani nayo, pamoja na utaratibu wake wote, iligundua mwaka 2010 kwamba zaidi ya watu 230,000 waliosajiliwa kuwa na miaka mia na kuendelea hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Biolojia ya uzee mrefu imejengwa juu ya tarehe za namna hii. Hendrikje van Andel-Schipper wa Uholanzi aliaga dunia mwaka 2005 akiwa na miaka 115, akautoa mwili wake kwa sayansi. Ubongo wake haukuwa na dalili za ugonjwa wa Alzaima. Uchunguzi wa damu yake uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chembe nyeupe ilitokana na seli shina mbili tu, ilhali kijana huwa na seli kama hizo nyingi zinazofanya kazi. Huenda basi uhai una ukomo unaotokana na kuchoka kwa seli hizo. Lakini kama mama huyo angekuwa na miaka 95, tungekuwa tumejifunza jambo tofauti kabisa.

Wala hatuwezi kuazima matokeo ya wenzetu na kuyavaa kama yalivyo. Aina ya jeni ya APOE iitwayo e4 hupunguza uwezekano wa Mzungu kufikia miaka mia. Miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan, Nijeria, uhusiano wake na ugonjwa wa kusahau ulionekana kuwa dhaifu. Wazee wa Afrika wana la kufundisha, ila atakayewachunguza ni lazima kwanza ajue umri wao.

Kwa maoni yangu, kazi hiyo ianzie kwenye faili la mgonjwa. Leo tunaandika “miaka 90” na kuendelea, kana kwamba tumeona cheti. Iongezwe safu moja tu: umri umepatikanaje? Kwa cheti, kwa kitabu cha ubatizo, kwa matukio, au kwa kukisia? Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuukaribia mwaka wa kuzaliwa kwa kuuliza kuhusu vita, njaa, mwaka wa jando au unyago, na umri wa mtoto wa kwanza. (Mtoto huyo naye mara nyingi ni mzee, aulizwe pia.)

Si suala la watafiti peke yao. Zanzibar hutoa pensheni kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70 tangu mwaka 2016. Anayekisiwa kuwa na 66 hukosa haki yake. Aidha, kanuni tunazotumia kukadiria utendaji wa figo huhitaji umri, na kipimo cha dawa nyingi hufuata jibu lake.