Motokari iliitwa irudi, lakini barua haikufika Kolwezi

Kila asubuhi, mbele ya jua kupanda, motokari ya kampuni haitoki kwenye parking ya mine kama shofere hajajaza karatasi yake: freni, mapira, mataa, mkanda, klaksoni. Kitu kimoja kikikosa, motokari inabaki. Tunaijua ile karatasi, na tunajua kwamba mtu anayeidharau anaweza kupoteza kazi. Lakini saa ya kurudi ikifika, tunapita mlango, tunaingia ndani ya Corolla yetu wenyewe, mama na watoto wanatungojea Manika ao Kapata, na hapo hakuna karatasi hata moja. Tunawasha, tunaenda.

Leo tunataka kusema ju ya hizi motokari zetu za familia, zile berline za Japani tunazonunua zikiwa zimekwisha kutumika: Corolla, Premio, Allion, Accord na ndugu zao. Kuko jambo moja ambalo waliozitengeneza wanalijua tangu miaka mingi. Lilitangazwa Japani, Marekani, Australia na Ulaya. Kwetu halikusemwa kwa nguvu. Ni ule mfuko wa hewa, wengine wanauita erbagi, unaojificha ndani ya usukani na ndani ya tablo ya mbele. Uliwekwa kwa kuokoa mtu, na ndani ya motokari nyingi umegeuka kitu cha kuua.

Dawa tunayoijua sisi wenyewe

Mfuko huu unajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kinachoujaza ni kikopo kidogo cha chuma chenye baruti ndani. Motokari ikigonga, baruti inawaka, gazi inatoka, mfuko unafunguka. Kampuni ya Japani inayoitwa Takata, iliyokuwa inauzia marki nyingi kubwa, ilichagua baruti ya nitrati ya amonia. Watu wa mine hawahitaji kufundishwa jina hilo: njo ile inayochanganywa na mazutu kwa kupasua mawe ndani ya carrière.

Kila mtu wa kulipua anajua namna ile dawa inavyoogopa maji. Kwetu kwenye carrière, ikilowa inakataa kuwaka. Ndani ya kikopo cha Takata mambo yanaenda kinyume. Joto la mchana na ubaridi wa usiku, pamoja na unyevunyevu, mwaka kwa mwaka, vinaharibu tembe za baruti. Tembe zikiharibika, zinawaka mbio kupita vile zilivyopangwa. Nguvu ya gazi inapasua kikopo chenyewe, na vipande vya chuma vinatoboa mfuko na kumwingia mtu shingoni, usoni ao kifuani. Mara nyingi ajali yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutoka mzima.

Hesabu zenyewe ni hizi. Nchini Marekani peke yake, vikopo karibu milioni 67 viliitwa virudi. Duniani pote ni karibu milioni 100. Serikali ya Marekani imehesabu vifo 28 kule kwao na watu zaidi ya 400 walioumizwa. Mwanzo wa 2017 Takata ilikubali kosa mbele ya tribinali ya Marekani, ikatozwa dola miliari 1. Mwezi wa sita wa mwaka ule ule ikaanguka faillite.

Malalamiko moja yaliyoonekana madogo

Namna mambo yalivyoanza inatufundisha kitu. Mwaka 2004, Alabama, mfuko wa Honda Accord ulipasuka na kumwumiza mtu. Walioangalia walisema ni jambo la mara moja tu. Miaka minne ikapita. Mwezi wa 11 mwaka 2008, Honda iliita motokari karibu 4,000, Accord na Civic. Mwezi wa tano mwaka 2009, Oklahoma, msichana wa miaka 18 aligonga kidogo na Accord yake ya 2001, akafa ju ya kipande cha chuma. Kisha mwito ukapanuliwa, ukapanuliwa tena, mpaka ukafika kwenye mamilioni.

Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Malaysia, inchi ya joto kama inchi nyingi za kwetu: mwanamke mwenye mimba alikufa ndani ya Honda City. Mwezi wa tano mwaka 2015, Toyota iliita karibu motokari milioni 5 duniani, ndani yake Corolla na Vitz zilizotengenezwa kati ya 2003 na 2007. Soma tena miaka ile, kisha utoke inje uangalie karatasi za taksi inayopita mbele ya nyumba yako. Mwezi wa kwanza 2024, Toyota ya Marekani iliwaambia wenye motokari karibu 50,000, ndani yake Corolla za 2003 na 2004 ambazo hazijatengenezwa, wasiziendeshe tena hata kidogo.

Wengine watasema haya ni mambo ya zamani. Mwezi wa sita 2025, mwanamke mmoja alikufa mjini Reims, Ufaransa, ndani ya Citroën C3 yenye mfuko wa Takata. Siku chache nyuma, wenye C3 na DS3 za kizazi kile waliambiwa waziegeshe mara moja. Tena wengi kati ya waliokufa kwa Wafaransa walikuwa katika inchi zao za joto na unyevu, kama Réunion, Guadeloupe na Guyane.

Kolwezi iko juu, na usiku wetu una ubaridi. Si sawa na Guadeloupe. Lakini motokari yetu inakaa juani mchana kutwa, inapita masika kutoka mwezi wa 11 mpaka wa tatu, na kabla ya kufika kwetu imekwisha kuishi maisha mengine fasi ingine. Na kitu kinachozidi kuharibu ile baruti ni miaka. Miaka njo kitu ambacho motokari zetu hazikose.

Kwa nini barua haifiki

Ikiwa kampuni imejua kosa, sheria ya Japani inailazimisha kumwandikia kila mwenye motokari. Barua inafuata namba ya shasi. Mwenye motokari anaenda garaji, wanabadilisha kikopo, halipi franga hata moja. Tena tangu 2018, wizara ya kule inakatalia kontrole teknike motokari zenye mifuko ya hatari kabisa ambazo hazijatengenezwa. Bila ile kontrole, motokari haina ruhusa ya barabara.

Fikiri basi. Motokari ambayo haina njia tena kule, ao ambayo mwenyewe amechoka nayo, inaweza kuuzwa kwa inchi ambayo haiulize swali. Hatusemi kwamba kila motokari inayotoka Japani iko hivyo. Nyingi zilitengenezwa mbele ya kuuzwa, na wauzaji wengi ni watu waaminifu. Lakini ile barua iliandikwa kwa jina la mtu wa kwanza. Motokari inapanda meli, inashuka Dar es Salaam ao Durban, inakata Zambia, inaingia Kasumbalesa, inapita Lubumbashi na Likasi, inafika kwetu. Katika njia hii yote jina la mwenyewe linabadilika mara tatu ao ine. Namba ya shasi peke yake haibadilike, na hakuna anayeitumia kwa kuuliza.

Kwa kuhesabu kodi, duane inaiandika ile namba. Asiransi inaiandika. Karatasi ya rangi ya pinki inaiandika. OCC, ofisi yenye kazi ya kuangalia ubora wa mali inayoingia inchini, nayo ina uwezo wa kuisoma. Kazi kubwa imekwisha kufanyika, imebaki swali moja: motokari hii iliitwa irudi, na kama iliitwa, ilitengenezwa? New Zealand nayo inanunua sana motokari za Japani zilizotumika. Mwezi wa ine mwaka 2018, serikali yao iliweka sheria ya lazima ju ya vikopo vya hatari kabisa vya Takata. Ni inchi ndogo, haitengenezi motokari hata moja, lakini iliuliza.

Taa iliyokatwa

Kwetu, malalamiko ya mwenye motokari yanaishia kwenye uwanja wa garaji. Mtu anafika na taa nyekundu ya mfuko wa hewa inayowaka ndani ya tablo. Mekanisye anaangalia, anasema: « Ile taa haiko na mambo, tuikate tu. » Taa inakatwa, mtu analipa, anarudi kwake na furaha. Kumbe ile taa ilikuwa inamwambia kitu.

Na motokari zetu zina shida yao ya pekee. Japani usukani uko kuume. Wengine wanaupeleka kushoto, na mfuko wa shofere unakaa ndani ya usukani wenyewe, na waya zake. Kazi ile ikifanywa vibaya, mfuko unaweza kukataa kufunguka siku ya haja. Tena wengine wanatoa mfuko kabisa na kufunika tundu kwa plastiki safi. Mnunuzi anaona tablo nzuri, hajui kama nyuma yake hakuna kitu.

Tujibu pia neno moja ambalo wasomaji watatuambia. Barabara ya Likasi inaua watu kuliko mfuko wa Takata: kamyo zinazopanda na kushuka na shaba, vumbi inayofunga macho, mbio, pombe, mapira yaliyolika. Ni kweli kabisa. Lakini vumbi tunaiona, na kamyo tunaiona ikikuja. Hiki kikopo hakionekane, na njo sababu hakuna anayeweza kukikimbia kwa ufundi wake wa kuendesha. Anayeweza kusaidia ni yule anayesoma namba.

Nini tunaweza kufanya

Kwa mwenye motokari: tafuta namba ya shasi. Motokari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina ile namba ndefu ya alama 17. Zina namba fupi, inayoanza na kodi ya modeli, mfano NZE121 kwa Corolla moja inayojulikana. Kwa hiyo ukiiweka kwenye programu za Marekani, zitaikataa. Usifikiri basi kwamba motokari yako ni salama. Lazima kuuliza kwa Japani, kwenye intaneti ya marki yenyewe, ao kwa mwakilishi rasmi wa marki inchini kwetu. Kijana mwenye telefone anaweza kukusaidia kutafsiri.

Ukiwasha motokari, angalia taa ya mfuko wa hewa. Inapaswa kuwaka kidogo kisha kuzimika. Ikibaki inawaka, ao isipowaka hata kidogo, kuko shida. Usikubali kuikata. Usijaribu kufungua mfuko wewe mwenyewe nyumbani, kwa maana ni baruti. Na mpaka upate jibu, weka watoto na mama nyuma, kila mtu na mkanda wake. Toyota yenyewe, wakati piesi zilikosekana Marekani, ilizima mifuko ya abiria na kuomba watu wasikae pale mbele. Na kwa wewe ambaye unataka kununua: omba namba ya shasi mbele ya kutoa franga. Kule Japani kutengeneza ni bure. Hapa ni shida yako.

Kwa kampuni za mine na sendika: hapa njo tunaona njia fupi kuliko zote. Kila kampuni kubwa ina watu wa usalama, wenye ordinatere na watu wanaojua luga. Wafanyakazi wakipeleka namba za shasi za motokari zao, liste inaweza kupimwa kwa siku chache. Kampuni inahesabu siku bila ajali na kuziandika ju ya ubao mkubwa pa mlango. Mfanyakazi anayekufa kilomita mbili nyuma ya ule mlango, ndani ya motokari aliyonunua na krediti ya mshahara wake, haingie ndani ya hesabu ile. Lakini nyumbani kwake anahesabiwa. Sendika, ambazo kila mwaka zinazungumza bei na prime, zinaweza kuongeza ombi hili moja ambalo halina gharama kubwa.

Kwa serikali: swali liwekwe Kasumbalesa, mbele ya kodi kulipwa, ao vizuri zaidi mbele ya meli kuondoka. Anayelipa kosa asiwe yule wa mwisho aliyenunua. Na kuwe fasi moja, hata meza moja mjini Kolwezi, ambapo mtu anaweza kuandika: motokari yangu ya marki hii, ya mwaka huu, ilifanya hivi. Malalamiko yanayobaki mdomoni yanasahaulika na mwezi. Yakiandikwa pamoja na mengine kumi, mtu mkubwa analazimika kujibu. Mwaka 2004, Alabama, yalikuwa malalamiko moja. Kama mtu angeyahesabu vizuri siku ile, yule msichana wa Oklahoma angeweza kuwa mzima leo.

Sisi watu wa shaba tumekwisha kujifunza kupima kila kitu mbele ya kushuka ndani ya shimo. Jioni ya leo, ukifika nyumbani, fungua kapo, soma ile namba, uiandike ju ya karatasi. Kesho asubuhi upeleke ile karatasi kwenye ofisi ya usalama, pamoja na ile ingine ya kila siku.