Kusimama kwa Mguu Mmoja si Mchezo

Wadau, kuna jambo linanikera, leo nalitoa.

Mtandaoni zimejaa picha za watu waliosimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili umepandishwa hadi pajani, viganja vimekutana juu ya kichwa. Ni mkao wa yoga uitwao Vrikshasana, na "vriksha" kwa Kisanskriti ni mti. Unapendeza kwelikweli. Tatizo ni sisi watazamaji, tunadhani kazi yote iko kwenye ule mguu wa juu.

Nami nilidhani hivyo. Mwaka jana nilitegua kifundo cha mguu kwenye mpira wetu wa Jumamosi. Maumivu yalipoisha nikaambiwa nifanye zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, maana kifundo kikishateguka hupoteza ule wepesi wa kujua kimekaaje. Nikachagua mkao wa mti. Siku ya kwanza nikapandisha unyayo hadi pajani kama kwenye picha. Sekunde tatu, puu, chini! Kumbe ili kuufikisha huko nilipinda nyonga, uzito wote ukamwagikia upande wa kifundo kibovu.

Nikashusha kiburi. Unyayo nikauegemeza kwenye kifundo, vidole vikigusa sakafu (gotini usiuweke, goti halipendi kusukumwa kwa pembeni). Uzito nikaugawa kati ya kisigino na mashina ya vidole, nyonga zikatazama mbele, macho nikayakazia kwenye msumari wa kalenda pale geto. Nikasimama. Hakuna ambaye angepiga picha hiyo!

Lakini bado nilitikisika, na hapa ndipo penye hoja yangu. Mwili hujipima kwa macho, sikio la ndani na hisia za misuli na viungo, halafu kifundo kinarekebisha bila kupumzika. Hata yule unayemwona ametulia kama nguzo anatikisika, ila kidogo kidogo. Kama unabisha, simama karibu na ukuta, inua mguu, kisha fumba macho.

Kwa hiyo jamani, tuache kumcheka anayetetemeka. Hajashindwa, kifundo chake kiko kazini. Wa kumhurumia ni yule aliyepinda mgongo na nyonga ili mguu uonekane uko juu.

Miezi minne sasa, unyayo wangu umefika kwenye kigimbi. Paja litasubiri. Jumamosi hii narudi uwanjani, na naogopa kidogo.

Sijui wenzangu mnasemaje?