Mali bila Daftari

Msomaji kijana, ukimwuliza mkazi wa Migosi mgonjwa wake amelazwa wapi, huenda akakujibu kwa neno moja: "Russia." Usidhani kuwa mgonjwa huyo amevuka bahari. Amepelekwa katika hospitali kubwa iliyo karibu, kando ya barabara iendayo Kakamega, ambayo siku hizi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Hospitali hiyo ilijengwa kwa msaada wa dola ya Kisovieti uliokubaliwa mwaka 1964. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo furaha iligeuka msiba, kwa kuwa ugomvi wa siasa ulizuka hapo hapo na watu wakauawa kwa risasi. Dola iliyotoa msaada ule haipo tena. Ilivunjika Desemba 1991. Wagonjwa wangali wanatibiwa, wakunga wangali wanapokea watoto, na jina la dola iliyokufa lingali vinywani mwa watu wa Kisumu.

Hospitali hii hunikumbusha mabishano ambayo wewe pia umekwisha kuyasikia, nyumbani au darasani. Kundi moja la watu husema: "Ukomunisti ulianguka kwa sababu serikali haiwezi kufanya biashara. Uzeni kila kitu, nanyi mtaneemeka." Kundi la pili husema: "Tazameni taabu iliyowapata watu wa Urusi walipouza viwanda vyao. Rudisheni kila kitu mikononi mwa serikali, nanyi mtaokoka." Kila kundi lina ushahidi wake, na kila kundi hulicheka lingine. Mimi nasema kwamba yote mawili yamepotea njia. Hubishana juu ya nani ashike mali ya umma, na husahau kuuliza nani ataidai hesabu yake. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kama ni mali ya mfalme au ya mfanyabiashara, kwa maana zote hupotea kwa namna moja.

Tuanze na dola ya Kisovieti yenyewe. Kwa sheria zake, viwanda, ardhi na maji vilikuwa mali ya watu wote. Lakini mtu wa kawaida alikuwa na mali hiyo kama yatima alivyo na urithi uliofungiwa sandukuni, na ufunguo uko kiunoni mwa mjomba. Chama cha siasa kilikuwa kimoja, magazeti yalikuwa ya wakubwa, na aliyeuliza hesabu aliweza kuhesabiwa kuwa adui wa nchi. Wewe uliyezaliwa kando ya ziwa, fikiri habari za Ziwa Aral, ambalo lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani. Tangu miaka ya 1960 wakubwa waliyachepusha maji ya mito miwili iliyolilisha, wakayapeleka katika mashamba ya pamba. Ziwa likakauka. Bandari zikabaki mbali na maji, mashua zikalala juu ya mchanga, na wavuvi wakakosa kazi. Wavuvi wale walikuwa, kwa maneno ya sheria, wenye ziwa. Ni mwenye mali gani huyu ambaye mali yake hukauka mbele ya macho yake, naye hana mahali pa kuuliza?

Basi, kundi la kwanza litafurahi na kusema, "Umenena kweli, serikali ni mwizi." Lisifurahi upesi. Dola ile ilipovunjika, viongozi wapya wa Urusi waliifuata shauri la wenye haraka. Tarehe 2 Januari 1992 bei za bidhaa nyingi zilifunguliwa, na katika mwaka huo mmoja zikapanda zaidi ya mara 20. Akiba ambayo wazee waliiweka kwa miaka mingi ikayeyuka kama chumvi mvuani. Tangu Oktoba mwaka huo kila raia alipewa hati ya kumwezesha kupata sehemu katika viwanda vilivyokuwa vya dola, na akaambiwa kuwa sasa yeye ni mwenye mali kweli. Lakini tumbo lenye njaa halisomi hati. Wengi waliziuza kwa bei ndogo kwa watu waliojua thamani yake. Mwaka 1995 serikali ilikopa fedha kwa mabenki machache na kuweka rehani sehemu zake katika makampuni makubwa ya mafuta na madini. Mkopo haukulipwa, sehemu zikanadiwa, na mara nyingi aliyesimamia mnada ndiye aliyenunua. Kwa njia hiyo utajiri wa taifa kubwa uliingia mikononi mwa watu wachache. Na wale wengi? Mwaka 1990 mwanamume wa Urusi aliweza kutarajia kuishi miaka 64 hivi. Kufikia mwaka 1994 matarajio hayo yalikuwa yameshuka chini ya miaka 58. Miaka sita ya umri ilipotea katika nchi isiyokuwa na vita vikuu wala tauni.

Sasa kundi la pili nalo litafurahi na kusema, "Umeona? Soko ni muuaji." Nalo lisifurahi upesi. Poland ilikuwa nchi ya kikomunisti pia, nayo ilifungua bei zake Januari 1990. Watu waliumia, na wengi wakapoteza kazi. Lakini Mei mwaka huo huo raia walipiga kura kuchagua mabaraza ya miji na vijiji vyao. Katika viwanda vingi, mabaraza ya wafanyakazi yalikuwa na sauti kabla kiwanda hakijauzwa, na makampuni makubwa hayakuuzwa kwa pupa. Kufikia mwaka 1992 uchumi wa nchi ulikuwa umeanza kukua tena, na mwaka 2004 Poland iliingia katika Umoja wa Ulaya. Sisemi kwamba Poland haina maskini wala malalamiko. Nasema kuwa dawa za nchi hizi mbili zilifanana, lakini mgonjwa mmoja alipewa nafasi kubwa zaidi ya kusema panapouma, na huyo ndiye aliyepona mapema.

Yamkini utasema kuwa Urusi na Poland ni mbali. Haya, tuvuke ziwa letu wenyewe twende Mwanza. Huko, mapema katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma waliona kuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakungoja serikali wala tajiri. Waliweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani, kisha wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya jina la ziwa, Victoria. Shirikisho lao likawa na viwanda vya kuchambua pamba na likasifiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika. Baadaye viongozi walianza kuwa mbali na wanachama, hesabu zikachafuka, na mwaka 1966 serikali ya Tanzania ikaunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini dawa iliyoletwa mwaka 1976 ilikuwa kuvivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyapa mashirika ya serikali kazi ya kununua mazao. Mkulima aliyekuwa akigombana na karani wa chama chake sasa hakuwa na karani wa kugombana naye. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini ulirudi ukiwa umezoea kutazama juu kwa wakubwa kuliko chini kwa wakulima. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi waliingia, na mkulima akajikuta tena mbele ya mizani, peke yake, kama babu yake.

Tuwe waadilifu. Siasa ya ujamaa iliyotangazwa na Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, haikuwa ukomunisti wa Kisovieti, na iliwapa watu elimu ya kweli. Kwa hesabu za serikali, kufikia katikati ya miaka ya 1980 Watanzania wazima wapatao tisa katika kila kumi walijua kusoma na kuandika. Azimio hilo lilikuwa na daftari lake pia: lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kiliyalegeza masharti hayo. Na miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo mashirika ya umma yalianza kuuzwa. Fikiri jambo hili kwa makini, msomaji. Mlinzi alipewa ruhusa ya kununua usiku ule ule ambao mlango wa ghala ulikuwa ukifunguliwa.

Na sisi wa Kisumu tusijione kuwa watazamaji tu. Kenya haikufuata ukomunisti, ingawa mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wa kueleza ujamaa wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika katika mipango ya nchi. Hata hivyo tulikuwa na viwanda vya umma vya sukari, na tumeonja uchungu ule ule. Miwani, ambako sukari ilianza kutengenezwa mwaka 1922, na Muhoroni, kiwanda kilichoanza katika miaka ya 1960, viliwekwa mwaka 2001 chini ya wasimamizi wa madeni. Miwani ikanyamaza, na ardhi yake ikawa kesi ya miaka mingi. Wazee waliokata miwa wakabaki na madai yao, na watoto wao wakaja mjini kutafuta vibarua. Serikali ilishika, mali ikapotea. Mwaka 2025 serikali iliamua kuvikodisha viwanda vinne, yaani Muhoroni, Chemelil, Nzoia na kile cha Nyanza Kusini, kwa wafanyabiashara binafsi kwa muda wa miaka 30. Ikiwa wewe ulikuwa na umri wa miaka 16 mkataba ulipoanza, utakuwa na miaka 46 utakapokwisha. Maisha yako ya kufanya kazi yatakuwa yamepita nusu.

Sikuambii kuwa kukodisha ni kosa, wala sikuambii kuwa ni wokovu. Nakuambia kwamba kuna maswali ambayo majibu yake yapasa kujulikana na kila mkulima: kodi inayolipwa ni kiasi gani, nayo huenda wapi? Nani huangalia mizani ya miwa? Mkulima hulipwa baada ya siku ngapi? Madeni ya wafanyakazi wa zamani yatalipwa na nani? Ardhi itarudi ikiwa katika hali gani? Yakijibiwa hadharani mwaka baada ya mwaka, mpango huu waweza kufaulu. Yasipojibiwa, tutarithi Miwani ya pili, na wajukuu wetu watabishana tena kama lililoshindwa ni soko au ni serikali.

Wako wakubwa wanaosema kwamba mtu wa kawaida hana elimu ya kukagua hesabu. Wakulima wa Usukuma waliwajibu zamani kwa kusoma mizani. Wako wanaosema kwamba maswali huchelewesha maendeleo. Wajibiwe na Warusi waliouziwa nchi yao kwa haraka, na wavuvi wa Ziwa Aral waliokaushiwa ziwa bila kuulizwa. Upande wa kaskazini wa ziwa hilo ulianza kupata nafuu baada ya Kazakhstan kumaliza ukuta wa kuzuia maji mwaka 2005, na samaki wakarudi. Lakini ilichukua miaka kama 40 kurudisha sehemu ndogo ya kile ambacho swali moja lililosikilizwa lingaliweza kukiokoa chote.

Wewe unaweza kufanya nini, nawe ungali mwanafunzi? Anzia palipo karibu. Ikiwa darasa lenu lina mfuko wa safari, msiridhike kumpa mtu mmoja mwaminifu azishike fedha. Wekeni daftari, lisomwe mbele ya wote, na mwaminifu atabaki mwaminifu. Ikiwa mama yako ni mwanachama wa chama cha akiba, msaidie kusoma taarifa ya mwaka kabla hajanyosha mkono kuipitisha. Jua kwamba kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kwamba wananchi wanatakiwa kushirikishwa fedha za kaunti zinapopangwa. Watu wa Migosi wakialikwa katika mkutano wa namna hiyo na ukumbi ukawa mtupu, asilaumiwe mwizi peke yake.

Hospitali ile iitwayo Russia itaendelea kusimama. Utakapopita mbele yake, kumbuka kwamba waliojenga jengo hilo walitoka katika nchi ambamo kila kitu kilikuwa cha watu wote, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuliza. Kisha jiulize kama wewe, uliyeruhusiwa, umekwisha kuuliza hata mara moja.