Ajuaye Shamba Asikilizwe

Wako watu, ndugu msomaji, wasemao kuwa nchi kama yetu haina haja ya kujisumbua na vituo vyake vya uchunguzi wa kilimo. Elimu, wasema, haina kabila. Mbegu yaweza kununuliwa, na shauri la mtaalamu wa mbali laweza kuletwa kwa ndege. Maneno haya yana sura ya busara, nayo ndiyo yatupotezayo. Elimu haina kabila, ni kweli. Lakini udongo unalo, na mvua inalo.

Tazama yaliyotukia Kongwa, katika nchi ya Wagogo, Tanganyika. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa na mafuta ya kupikia baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu kutafuta mahali pa kulima karanga. Walizunguka kwa majuma 9 tu, kisha wakapendekeza ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yakaja kabla udongo na mvua ya pale havijapimwa kwa miaka ya kutosha. Udongo wa Kongwa ukipigwa na jua hukauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zikafungiwa ardhini; mvua nayo ikakosa. Mgogo yeyote mwenye mifugo angaliweza kuwaeleza habari za mvua hiyo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zimekwisha potea. Wataalamu walikuwapo, waliokosekana ni wataalamu wakaao mahali.

Sasa geuza uso utazame Kitale. Huko kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza mwaka 1955. Mahindi ya nyanda zetu za juu yalichanganywa na mahindi yaliyotoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatolewa mbegu iitwayo H611. Mbegu ya kigeni haikubezwa, lakini ilipimwa hapa na kuamuliwa hapa. Na kwa kuwa mahindi ya Kitale hukaa sana shambani, hayakumfaa mkulima wa Machakos. Kituo cha Katumani kikamtolea mahindi yakomaayo upesi, kabla mvua haijakatika. Nchi moja, zao moja, majibu mawili. Ni mgeni gani wa majuma 9 angaliyajua hayo?

Lakini kuwa na kituo si sawa na kukisikiliza. Mashamba mengi ya magharibi na ya Bonde la Ufa yana udongo wenye uchachu. Mbolea ya DAP, ikitiwa mwaka baada ya mwaka, huuzidisha uchachu huo; tiba yake ni chokaa. Wachunguzi wetu wamelisema jambo hili mara nyingi. Hata hivyo, serikali ilipoanza kuwapunguzia wakulima bei ya mbolea, DAP hiyo hiyo ndiyo iliyojaa maghala, na chokaa ikawekwa nyuma. Aliyepima udongo alikuwa na neno. Aliyetoa amri hakuwa na sikio.

Na fedha? Mwaka 2003, mjini Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Kenya ilikuwamo, na ahadi hiyo haijaitimiza. Basi kituo humgeukia mfadhili, naye huuliza kwanza swali lake mwenyewe, kama ilivyo haki ya mwenye mfuko. Akichoka huondoka: mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kazi nyingi zikasimama katikati.

Ataniambia mtu kwamba uchunguzi ni mwendo wa kobe. Naam. Kitale walihitaji miaka 9, na Bunge letu huchaguliwa kila miaka 5. Hakuna waziri atarajiaye kuvuna alichopanda pale. Ndiyo sababu fedha za vituo zisiachwe kwenye hisani ya waziri, bali zilindwe na sheria. Tena, kabla ya serikali kuagiza mahindi, kugawa mbolea au kuruhusu mbegu mpya, ripoti ya wachunguzi wetu isomwe Bungeni, na waziri aikataaye aeleze sababu. Wewe usomaye leo utapiga kura miaka michache ijayo. Mgombea atakapofika kijijini kwenu na pakiti za unga, muulize udongo wa kijiji hicho ulipimwa lini, na majibu yake yamelala kabatini mwa nani.