Kipande cha Boga



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tumewaletea khabari ya safari, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu tu, na mji wenyewe hautajwi sana duniani. Unaitwa Chioggia, wenyewe hutamka Kiojja, nao uko Italia, pale yanapoishia upande wa kusini maji yaliyouzunguka mji wa Venice. Tulikuwa tumealikwa arusi mjini Padova, sisi na ahali yetu, na ilipomalizika tukapanda basi mwendo wa kama saa moja hivi hadi pwani.

Hatukwenda kutembea. Dada yetu ana mwana anayefanya kazi huko katika bohari ya samaki, na kwa miaka 9 hajatia mguu nyumbani wala hajampigia mamake simu. Dada alitupa mkebe wa halua tumpelekee, na ujumbe hakutupa. Tumemwomba idhini ya kuyaandika haya, akatukubalia kwa sharti kwamba jina lisitajwe.

Mji wa Chioggia umejengwa juu ya maji, lakini hauna zile tafrani za Venice. Njia kuu ni moja, pana, imenyooka toka mwanzo wa mji hadi mwisho, na sambamba nayo mfereji wa Vena, wenye madaraja 9 na mashua zilizofungwa mbele ya milango ya watu. Mchana maduka hufungwa, watu hulala, na sauti inayosikika ni ya maji kugonga ubavu wa chombo. Kwenye mnara wa Sant'Andrea iko saa kongwe iliyokwisha kutajwa katika maandishi tangu mwaka 1386. Na ukifika mwisho wa njia, kwenye uwanja wa Vigo, utaona nguzo na juu yake simba mwenye mabawa, alama ya utawala wa Venice. Simba huyo ni mdogo mno, basi watu wa Venice humwita paka. Neno hilo usilitamke mbele ya mtu wa Chioggia. Kejeli za majirani hazina dawa popote.

Mpwa wetu alikuja kutulaki kituoni, akatupeleka nyumba tuliyokodi chumba, kwa bibi mmoja mjane mwenye umri wa kutuzaa. Alitupokea vizuri, wala hakuushangalia mtandio wa ahali yetu, bali alitazama tarizi yake akaisifu. Akatuonyesha alama ya maji ukutani, ya mafuriko ya Novemba 2019. Tangu Oktoba 2020 hufungwa milango mikubwa ya chuma baharini maji yanapotaka kupanda, na 18 kati yake iko kwenye mlango wa bahari wa hapo Chioggia.

Jioni ile tulifanya kosa. Tulikuwa tumejitayarisha tangu Mombasa, na kahawa haijamiminwa tukaanza kumsomea kijana mlango mzima wa kuunga udugu: haki ya mama, na kwamba Muislamu hakuruhusiwa kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, seuze mzazi. Tuliyosema yalikuwa haki. Kijana alisikiliza kwa adabu, akasema, "Mjomba, mimi ndiye niliyekosewa," akainuka akaenda zake. Kahawa tukainywa wawili. Ahali yetu hakusema neno, na waliooa wanajua kimya hicho kina uzito gani.

Asubuhi yeye ndiye aliyempigia simu: "Njoo mwanangu unipeleke sokoni, mimi sijui lugha ya watu." Soko la samaki liko nyuma ya ghala la nafaka la mwaka 1322, kando ya mfereji, chini ya maturubali mekundu. Tuliwafuata nyuma. Ngisi, pweza, kamba, kome, na sadini wanaometa kama fedha. Ahali yetu akauliza bei ya kila kitu asichokusudia kununua, na mpwa wetu akatafsiri, na safari ya tatu akacheka. Wakanunua sadini. Bibi mwenye nyumba akawafundisha mapishi ya huko: sadini wakaangwe, vitunguu vingi vipikwe taratibu kwa siki, vipangwe tabaka kwa tabaka pamoja na zabibu kavu, kisha sahani iachwe hadi kesho yake. Wengine hutia mvinyo. Yeye alipoelezwa akaiweka chupa yake kabatini pasi na maneno. Mabaharia wa zamani walipika hivyo ili chakula kisiharibike chomboni.

Usiku, baada ya kujumuisha na kupunguza sala zetu za safari, tuliketi jikoni. Bibi alikuwa na boga la kwao, la kijani lenye maganda ya vinundu, amelichoma tanurini. Akatusimulia kisa ambacho kila mtu wa Chioggia anakijua, nacho ni mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Carlo Goldoni mwaka 1762. Goldoni ujanani mwake alikuwa karani wa mahakama ya jinai mjini humo. Wanawake wameketi mlangoni wakisuka utepe wa maua kwa vijiti, wanawangoja waume walio baharini. Akapita kijana wa mashua, akampa msichana mmoja kipande cha boga la kuchoma. Kipande kimoja tu! Mwingine akaona, wivu ukaingia, ndimi zikafunguka, na waume walipoteremka chomboni walikuta vita. Visu vikachomolewa, mawe yakarushwa, kesi ikafika kwa karani.

Mpwa wetu ndiye aliyekuwa mkalimani. Alipofika pale penye boga alisita, bibi akangoja, nasi tukangoja. Sisi tunajua, na yeye anajua tunajua, kwamba ugomvi wake na mamake ulianza kwa sinia moja la pilau lililochelewa kufika kwa jamaa za mkewe siku ya arusi. Safari hii, alhamdulillahi, tulinyamaza. Akamaliza kutafsiri, akachukua kipande cha boga, akala.

Siku ya kuondoka alitusindikiza kituoni, mkebe wa halua ukiwa kwapani, haujafunguliwa. Basi lilipokuwa linawasha moto akamwuliza ahali yetu, "Mama bado anakohoa usiku?"

Akamjibu, "Mwulize mwenyewe."

Zimepita wiki tano tangu turudi. Juma lililopita simu ililia kwa dada yetu baada ya Isha, naye akaipokea akidhani ni sisi. Tulipomwuliza walizungumza nini, alisema walizungumza bei ya ngisi. Khabari ya sinia bado haijatajwa.